Vimulimuli vya Mchana

Nesi Paskalia tulimzika Mpanda siku ya Jumamosi, mvua ikitishia tangu asubuhi na isinyeshe. Wasemaji walikuwa watano, na wote watano walisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, na kwamba pengo lake halitazibika. Nilikaa nyuma, chini ya turubai la pili, nikijikuta nahesabu ni mara ngapi neno "mchapakazi" limetamkwa. Mwanamke aliyenifundisha kwamba tumbo la binadamu linaweza kuuma kwa namna ambazo vidole vya mikono miwili havitoshi kuzihesabu, alikuwa anazikwa kwa maneno manne. Ningeweza kuomba kipaza sauti. Sikuomba. Baada ya chakula, watu wakiwa wanarudisha sahani, alinijia mwanamke mrefu wa miaka ishirini na kitu, mwenye mwanya mpana, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia Wasukuma, akaniita baba mdogo. Akaniambia anaitwa Paskalia, marehemu ni somo yake, na kwamba yeye ni mtoto wa Minza na Masunga, wa Mamba. Nilijua kabla hajamaliza. Mwanya ule nilikuwa nimeuona.

Alisema amelelewa na bibi yake, huko Kasansa. Baba yake alihama na ng'ombe kwenda kusini zamani na simu yake haipatikani. "Nimewauliza wote mama yangu alikuwaje," akasema. "Wananiambia alikuwa mtu mzuri. Bibi, mtu mzuri. Shangazi, mtu mzuri sana. Nikamuuliza somo yangu kabla hajazidiwa, akakataa kabisa. Akasema maneno ya mama yako anayo karani wa redio, yule Msomi. Ukimkuta, usikubali akwambie kwa kifupi."

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Rukwa na hakuna aliyewaza mkoa wa Katavi. Nilikuwa na shahada moja, suruali mbili na imani chache sana. Chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kudai ushahidi, na mimi nikaenda mbali zaidi ya walimu wangu: nilidai ushahidi wa Mungu mezani kwa paroko, ushahidi wa mganga mbele ya wateja wake, ushahidi kwamba chai ya tangawizi inaondoa mafua. Ajira ilikuwa imekwama. Kituo kimoja cha afya huko Mamba kilikuwa kinatafuta karani wa kuandika wagonjwa na kushika redio, nikaenda kwa miezi mitatu, nikakaa mwaka. Wenyeji walinibandika jina la Msomi wiki ya kwanza, na halikuwa sifa.

Chumba cha redio kilikuwa stoo ya zamani ya mpunga. Pumba zilikuwa bado kwenye nyufa za sakafu, na ukikaa humo nusu saa unatoka shingo inakuwasha. Mezani palikuwa na redio kol yenyewe, chini ya meza betri ya lori iliyochajiwa na paneli ya jua juu ya bati, na ukutani saa iliyokuwa inakwenda mbele. Simu hakukuwa na hata moja. Kila siku saa moja na nusu asubuhi, na tena saa kumi jioni, vituo vyote viliita Mpanda kwa zamu, na kila kituo kilisikia mazungumzo ya mwenzake. Huko Mpanda alikuwa anasikiliza daktari mmoja, ambaye mwaka mzima sikuwahi kumwona uso, na nje ya ofisi yake palikuwa na gari moja la wagonjwa. Baada ya kusikia vituo vyote, ndipo aliamua gari liende wapi. Alikuwa na sharti moja. Majina ya wagonjwa yasitajwe hewani, na majina ya magonjwa pia tusiyataje. "Niambie unachokiona," alikuwa akisema. "Jina la ugonjwa nitaliweka mimi." Kwa maneno mengine, alitaka macho yetu, na njia pekee ya kumpelekea macho ilikuwa mdomo.

Sasa hapo ndipo palipoharibikia, na siyo kwa ubaya wa mtu. Nani atasema mgonjwa wake hali si mbaya sana, wakati gari ni moja? Karani wa kwanza alisema "hali mbaya", wa pili akaongeza "sana", na nilipofika mimi kila mgonjwa kutoka kila kona ya wilaya alikuwa katika hali mbaya sana, wa malaria, wa jipu, wa mguu uliotegukia shambani. Nilisikia asubuhi moja vituo sita vikifuatana kwa maneno hayohayo matatu. Daktari alikuwa anavuta pumzi, unaisikia kabisa kwenye spika, kisha anauliza: mbaya vipi? Na karani anajibu, akimalizia kwa "ova" ya kumwachia mwenzake zamu: mbaya sana, daktari. Ova. Mtu mmoja tu hakufanya hivyo, mzee wa Mishamo, mkimbizi kutoka Burundi aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Huyo alisimulia. Angesema mtoto anavuta pumzi hadi ngozi inabonyea kati ya mbavu, midomo ina rangi ya majivu ya kuni mbichi. Sisi makarani wengine tulimcheka. Tulisema mzee anamaliza betri.

Nilikuwa na nadharia yangu, na niliitoa mezani kwa Nesi Paskalia wiki ya pili. Nilimwambia mtu anaweza kuishi vizuri kwa maneno mia tano, yaliyobaki ni mapambo ya watu wa pwani na wasema chochote kwenye harusi. Aliyeelimika anasema kwa kifupi. Tulikuwa jikoni kwake, nyumba ya mabati mawili nyuma ya wodi, tunakula wali mpya wa Mamba na kambale mkavu aliyetoka Ziwa Rukwa kwa baiskeli. Paskalia alikuwa Mfipa wa makamo, mnene, mikono yake ina harufu ya sabuni ya kipande wakati wote. Hakubishana na nadharia. Aliniuliza kambale yukoje.

"Mtamu," nikasema.

"Sukari nayo tamu. Usingizi mtamu. Nimekuuliza huyu kambale."

Nikasema ana mafuta mafuta. Akaniambia niendelee. Nikasema ana moshi. Akasubiri, mkono wake umeshika mwiko juu ya sufuria, hajanipakulia mara ya pili. Nikatafuna tena kwa makini, kwa hasira kidogo, nikasema ana kauchungu kwa mbali pale penye ngozi, na nyama yake inachambuka nyuzi nyuzi kama kamba ya katani.

"Haya, sasa umekula," akasema, akanipakulia. "Wewe una shahada lakini una sufuria moja. Humo humo ugali, humo humo chai."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mlo. Mlenda ukoje, maharage ya leo na ya jana yana tofauti gani, mvua ya asubuhi ilinyesha au ilirasharasha. Wodini alifanya vilevile kwa wagonjwa. Mpimbwe, Mkonongo, Msukuma, wote walikuja na Kiswahili cha kuazima, na kwa Kiswahili hicho kila kitu kinauma, basi. Paskalia hakukubali. Linachoma? Linakata? Linanyonga? Linavuta, linajaa, linakereketa, linapwita? Akikwama anamwambia mgonjwa aseme kwa lugha ya kwao, kisha anamtafuta mtu yeyote uani wa kulitafsiri, hata muuza karanga, na wanabishana wote mpaka neno lipatikane. Niliona ni kupoteza muda. Nilisema hivyo. Niliandika "tumbo" kwenye fomu na kungoja.

Minza alikuwa analeta maziwa. Masunga, mumewe, alikuwa rafiki yangu wa kwanza pale, kijana wa rika langu aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini, na kambi yao ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kituoni. Kwa hiyo Minza aliniita shemeji, na kama shemeji alikuwa na haki ya kunicheka. Alikuja na kibuyu kichwani bila kukishika, mkono mmoja ukipeperusha nzi na mwingine umeshika michembe ya viazi vikavu anayotafuna njiani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na hakikumsumbua hata kidogo. Siku moja nilimwonyesha ng'ombe aliyepita nikasema yule mwekundu. Alicheka, mwanya wote nje, hadi akatua kibuyu chini. Kicheko chake kilikuwa kinakwama kooni kwanza, kimya, mabega yanatikisika, halafu kinafyatuka na kuisha kwa mlio kama mlango. Akanionyesha kundi lile lile, mmoja mmoja, na kila mmoja akampa jina la rangi yake kwa Kisukuma, ng'ombe ambao mimi niliwaona wote wekundu. Mwishowe akaniuliza, taratibu, kwa kuchagua maneno: "Sasa shemeji, akipotea mmoja utamtafutaje?"

Nilimjibu kwamba nitatafuta ng'ombe mwekundu. Nilidhani nimemshinda.

Mwezi wa kwanza kikohozi kiliingia kwa watoto. Paskalia aliniagiza nimwambie daktari kwamba mtoto mmoja anakohoa kwa kubweka, kama mbwa mchanga aliyefungiwa ndani. Nilisema hivyo hewani, neno kwa neno. Daktari alielewa mara moja, akatoa maelekezo, mtoto akapona. Lakini kesho yake, kabla daktari hajaingia, karani wa kituo kingine aliniita: "Mamba, Mamba, mbwa wenu ameamkaje? Ova." Wote wakacheka, nawasikia mmoja baada ya mwingine wakibonyeza vitufe ili wacheke hewani. Wiki nzima niliitwa kwa jina la mbwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada. Tangu siku hiyo nilianza kuyachuja maneno ya Paskalia kabla ya kuyapeleka. Nilijiambia nayafanya yawe ya kitaalamu.

Mvua za mwaka ule zililainisha barabara ya mbugani mpaka malori ya mpunga yakawa yanalala njiani siku tatu. Katikati ya mvua hizo Masunga alimleta Minza kwa baiskeli, mimba ya miezi minane, asubuhi, kama robo saa kabla ya redio. Sikumtambua haraka. Uso ulikuwa umeumuka, macho yamebaki mistari, na bangili ya shaba mkononi ilikuwa imezama kwenye nyama. Alijaribu kunitania na hakuweza kumaliza. Kipimo cha presha kilikuwa kimetoboka mpira tangu mwezi uliopita. Paskalia aliinama karibu na mdomo wake, wakaongea kwa Kisukuma na Kiswahili vilivyochanganyika, muda mrefu, mimi nimesimama mlangoni naangalia saa. Kisha akanigeukia. Hawezi kumwacha, akasema, niende mimi.

"Mwambie daktari hivi, usipunguze. Anaona vimulimuli mchana. Vinaelea mbele ya macho, akivipungia mkono haviondoki. Vilianza jana. Kichwa hakiumi, kinapwita, hapa mbele. Na hapa chini ya mbavu, kulia, kama mtu anamkamua. Uso umeumuka. Umeshika?"

Nikasema nimeshika. Na nilikuwa nimeshika kweli, hadi leo nimeshika, sijasahau hata neno moja.

Masunga alinifuata hadi chumba cha redio akasimama nyuma yangu, koti lake linadondosha maji kwenye pumba. Zamu yetu ilifika. Nilibonyeza kitufe, na katika muda ule mfupi kabla ya kusema nilisikia tayari kicheko chao: Mamba, leo mna vimulimuli? Niliwaza pia kwamba hayo ni maneno ya mama wa kambini, ni mashairi ya mgonjwa, daktari wa watu anahitaji mambo yenyewe. Nikasema: mama mjamzito, miezi minane, kichwa kinauma, tumbo linauma, amevimba. Hali mbaya sana. Ova.

Daktari akavuta pumzi. "Mamba, kichwa kinauma vipi? Ova."

Alinipa nafasi ya pili, mtu yule. Huwa nairudia hapa, naisimamisha, nabadilisha jibu.

"Kinauma sana, daktari. Ova."

Akasema tumpe za kutuliza maumivu, apumzike, tutoe taarifa jioni. Kituo kilichofuata kilikuwa na mtu hali mbaya sana. Kilichofuata hivyo hivyo. Kisha akaja hewani mzee wa Mishamo na mgonjwa wake, mtoto, akamsimulia pumzi kwa pumzi, na gari likapelekwa Mishamo, upande mwingine kabisa wa wilaya. Nilirudi wodini. Paskalia hakuinua kichwa. "Umemwambia kama nilivyosema?" akauliza. Nikasema nimemwambia. Akasema basi gari litakuja, akaendelea kumpangusa Minza shingo kwa kitambaa cha maji. Nilitaka kumrekebisha pale pale. Nilisimama hapo kwa muda wa kutosha kabisa kumrekebisha.

Degedege lilianza saa sita mchana. Sitaeleza lote, nitasema tu kwamba kitanda cha chuma kilitembea kutoka ukutani hadi katikati ya chumba, na kwamba Masunga, ambaye nilimwona akimshika fahali kwa pembe, alikuwa amekaa chini ameziba masikio. Paskalia alimchoma sindano ya mwisho iliyokuwepo kabatini. Saa kumi nilifika kwenye redio, nikakatiza zamu ya mtu, nikamwaga yote: vimulimuli, kupwita, kukamuliwa chini ya mbavu, bangili iliyozama. Sikuwa nasikia aibu tena. Hakuna aliyecheka. Vituo vyote vilikuwa kimya, na kimya cha redio kina mvumo wake, kama mvua ya mbali.

"Hivyo vimulimuli vilianza lini? Ova."

"Jana. Ova."

"Asubuhi ulikuwa unavijua? Ova."

Nilimsikia Paskalia nyuma yangu. Alikuwa ameacha wodi kwa dakika moja, kuja kuuliza gari limefika wapi. "Nilikuwa navijua, daktari. Ova."

"Gari liko Mishamo," akasema. Hakusema ova.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mdogo, mwekundu, sauti kama ya paka, wakamfunga kwenye kitenge cha Paskalia na kumzungushia chupa za maji ya moto. Minza hakurudiwa na fahamu. Alfajiri akafa. Gari lilifika kesho yake mchana, tope hadi kwenye vioo, na dereva akawa wa kwanza kulia. Masunga aliniuliza gari lilikuwa wapi siku nzima. Nikamwambia barabara mbaya. Maneno mawili. Aliyapokea, akanishukuru kwa kuhangaika, akaenda kumtafutia mtoto maziwa.

Paskalia hakunigombeza. Nilingoja anigombeze, nilikuwa nimeandaa majibu: kwamba gari ni moja, kwamba hata lingetoka asubuhi lingekwama mbugani, kwamba mtoto wa Mishamo alipona na huenda angekufa yeye. Majibu hayo bado ninayo, na mengine ni ya kweli. Nimeyahoji miaka yote hii kama nilivyokuwa nahoji Mungu na tangawizi, na kila nikimaliza kuyahoji nabaki na jambo ambalo halihitaji ushahidi, kwamba nilipewa maneno nikayatupa. Yeye alichofanya ni kuamka mapema kila siku na kushika redio mwenyewe. Na mezani aliacha kuniuliza. Alinipakulia kambale, wali, mlenda, tukala tunasikiliza vijiko. Mara moja, karibu na mwisho, sikustahimili, nikamwambia bila kuulizwa kwamba maharage ya leo yameungua kidogo chini na moshi wake umepanda hadi kwenye kitunguu. Akasema, "Ndiyo." Mwezi wa kumi na moja nilipanda lori la mpunga nikaondoka.

Haya yote yalikuwa kifuani nilipokuwa nimesimama na binti yule, watu wakikunja maturubai kuwahi mvua. Tulikaa kwenye benchi lililobaki. Nilianza na kibuyu, jinsi kilivyokaa kichwani bila mkono. Nikamwambia michembe. Nikamwambia ng'ombe wote wale niliowaona wekundu na jinsi alivyoniuliza nitamtafutaje aliyepotea. Kicheko kilinisumbua, nilikieleza mara tatu, cha kukwama, cha kufyatuka, mlango, na mara ya tatu yeye mwenyewe akacheka, kikakwama kooni, mabega yakatikisika, nikanyamaza mpaka kikafyatuka.

Alipojifuta macho aliniuliza na mwisho wake, baba mdogo, mwisho wake ulikuwaje. Bibi anasema uzazi, tu. Watu walikuwa wanaita gari la kurudi. Ilikuwa rahisi kusema uzazi, tu. Alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu ambaye angenikubalia na kunishukuru, kama baba yake.

"Asubuhi ile kabla ya redio," nikasema, "nilipewa ujumbe wa kumpelekea daktari na sikuufikisha. Nitakupa wewe, kama nilivyopewa. Anaona vimulimuli mchana. Vinaelea mbele ya macho, akivipungia mkono haviondoki."

Nikaendelea.